Maji Safi Huchafuka Njiani

Mto Lwakhakha huteremka kutoka Mlima Elgon ukawa mpaka baina ya Kenya na Uganda. Wabukusu wa ng'ambo hii na Wagisu wa ng'ambo ile huteka mto mmoja. Humo hufuliwa nguo na kunyweshwa ng'ombe, wala uchafu hausimami forodhani kuonyesha hati.

Ndiyo sababu mama wengi huupita mto wakaenda chemchemi. Lakini chemchemi iliyo wazi nayo hukanyagwa na wanyama, na mvua huingiza kinyesi. Dawa yake ni kuijengea: hupangwa mawe na kokoto penye jicho la maji, hujengwa ukuta wa saruji wenye bomba la kutokea maji, na juu yake huchimbwa mfereji wa kuyageuza maji ya mvua. Hapo mtu hukinga chombo chake bila kukitumbukiza. Chemchemi nyingi zimo katika mashamba ya watu, na kwa desturi mwenye shamba hawezi kuwanyima jirani maji wala kuyauza. Basi anayemngoja anunue saruji peke yake atangoja sana.

Je, kujengea kwatosha? Huko Busia, jirani ya Bungoma, jambo hili lilipimwa na Bwana Michael Kremer, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, pamoja na wenzake watatu. Habari zao zilichapishwa mwaka 2011. Penye chemchemi zilizojengewa, vijidudu vya kinyesi vilipungua kwa asilimia 66, na kuhara kwa watoto kukapungua kwa robo. Faida hiyo si ndogo. Lakini majumbani maji hayakuwa safi kwa kiasi kile, kwa kuwa yalichafuliwa tena baada ya kutekwa. Mama aliyetembea mbali akiyapita maji machafu huweza kumnywesha mtoto wake uchafu uleule.

Waingiaje? Jerikeni lina utelezi ndani, na mdomo wake umezibwa kwa majani. Nyumbani maji humiminwa mtungini, kisha kila mtu huchovya kikombe na vidole vyake, hata yule aliyetoka sasa hivi kumsafisha mtoto.

Kuchemsha huua vijidudu, ila kuni ni kazi, na maji yaliyopoa huweza kuchafuliwa tena. Klorini huendelea kulinda hata mtungini. Katika vituo vya dawa vilivyowekwa penye chemchemi za magharibi ya Kenya, kipimo kilikuwa mililita 3 kwa jerikeni la lita 20, kisha kungoja nusu saa. Maji yenye tope yatulizwe na kuchujwa kwanza, kwani tope huimaliza nguvu dawa. Wengine hulalamikia harufu yake. Kweli ipo, nayo hupungua maji yakikaa.

Karani wa Kitale au Bungoma mwenye bomba uani asicheke. Bomba likikauka, maji machafu ya ardhini hupenya katika nyufa zake, na maji yanunuliwayo kwenye mkokoteni mnunuzi hajui yametekwa wapi. Kisha huwekwa katika pipa, na kikombe huchovywa vilevile. Pipa hilo na mtungi wa Lwakhakha vyahitaji kifuniko juu na kibomba chini, ili mkono usiingie.