Kupima Kipimo: Hojaji ya Mguu kwa Makuruta

Katika kambi za mafunzo ya kijeshi, kuteguka kifundo cha mguu ni jambo la kawaida. Picha ya eksirei humwonyesha daktari kama mfupa umevunjika. Haimwonyeshi kama kuruta aweza kukimbia, kuruka na kutua. Hayo hana budi kuyauliza. Maulizo yakiwa mabaya, hatari ni mbili: mgonjwa hurudishwa uwanjani akaumia zaidi, au aliyepona huzuiwa kumaliza mafunzo.

Ili kila mtu aulizwe mambo yale yale, hutumika hojaji. Mojawapo ilitungwa Marekani na Martin na wenzake, ikachapishwa mwaka 2005. Ina maswali 21 juu ya shughuli za kila siku na maswali 8 juu ya michezo. Kila jibu hupata alama kuanzia 0, kwa asiyeweza kabisa, hadi 4, kwa asiyepata taabu yoyote. Upeo wa sehemu ya kwanza, basi, ni alama 84, na wa sehemu ya pili ni 32. Hojaji hiyo imekwisha kutafsiriwa katika Kijerumani, Kifaransa, Kiajemi, Kijapani na lugha nyinginezo.

Tafsiri ya namna hii hufanywa kwa hatua. Wafasiri wawili hutafsiri kila mmoja peke yake, na kazi zao huunganishwa. Kisha mtu mwingine, ambaye hajaiona hojaji ya asili, huirudisha katika lugha ya kwanza. Panapoonekana tofauti, kamati huchunguza sababu yake. Katika Kiswahili tofauti hizo si haba. Neno "mguu" hutaja kiungo chote, tangu pajani hadi vidoleni. Mwenye maumivu ya goti aweza kujibu juu ya goti, ingawa swali lahusu kifundo na wayo. Swali jingine lahusu kupanda na kushuka ukingo wa barabara ya mjini, kitu ambacho kijana wa shamba huenda hakukizoea. Na neno "ulemavu" humfanya msomaji afikirie hali ya kudumu, hali kinachopimwa chaweza kuwa taabu ya wiki mbili tu.

Hata tafsiri iliyo safi bado haijathibitishwa. Yapasa ionyeshe uthabiti, yaani mtu ambaye hali yake haikubadilika apate alama zinazokaribiana akijibu mara mbili. Yapasa pia ionyeshe uhalali, yaani ipime kile kilichokusudiwa: walioumia wapate alama za chini kuliko wazima.

Kwa makuruta, majaribio haya yana ugumu wa pekee. Kwanza, ni vijana wenye nguvu. Kuruta aliyeteguka aweza kupata 82 kati ya 84 katika shughuli za kila siku, yaani karibu asilimia 98, kwa kuwa kutembea na kupanda ngazi hakumshindi. Katika michezo huenda akapata 16 kati ya 32, yaani asilimia 50. Anayesoma sehemu ya kwanza peke yake atamdhania mzima. Pili, kati ya jibu la kwanza na la pili kuruta huendelea na mbio na kwata, hata hali yake ikabadilika kweli. Tofauti ya alama si lazima iwe kosa la hojaji. Tatu, mmoja huficha maumivu asije akaachwa nyuma, na mwingine huyaongeza apate mapumziko. Kwa hiyo yafaa majibu ya utafiti yasifike mikononi mwa wakufunzi.

Hivyo hojaji iliyothibitishwa kwa wagonjwa wa hospitali haitoshi kuaminiwa kambini. Hujaribiwa upya kwa watu wale wale watakaopimwa nayo.

Jambo hili laweza kuonyeshwa darasani. Kundi moja litafsiri maswali matano ya Kiingereza juu ya afya. Kundi la pili, bila kuona asili, liyarudishe katika Kiingereza. Kisha wanafunzi waeleze kila tofauti ilitokana na nini.