Sodo ya Kufuliwa Katika Safari

Mkoa wa Singida uko katikati ya Tanzania, katika nchi ya juu yenye majabali makubwa, vichaka vya miiba na mashamba ya alizeti. Vijiji vyake vimetawanyika mbali mbali, na mtu atakaye kwenda shuleni, hospitalini au kwa jamaa zake mara nyingi hana budi kusafiri mwendo mrefu. Kutoka mjini Singida mpaka Dodoma ni kama kilomita 240, na mpaka Dar es Salaam ni karibu kilomita 700, safari ya kutwa nzima. Kila mwaka wasichana wengi waliochaguliwa kwenda shule za bweni husafiri njia hiyo, kila mmoja na sanduku lake, godoro lake na ndoo yake.

Msichana aliyekwisha kuvunja ungo ana jambo jingine la kufikiri kabla ya kufunga mizigo. Yawezekana siku zake zikamfikia njiani. Kama hakujiweka tayari, hukaa kwa hofu katika kiti chake. Hanywi maji, wala haombi kushuka, na kila garini akamwazia kuwa anatazamwa. Pengine huona afadhali kuahirisha safari, akakosa masomo ya juma la kwanza. Na masomo yaliyokwisha kupita ni kazi kuyafuata. Hasara hiyo yaweza kuepukwa kwa vitambaa vichache, kipande cha sabuni na maarifa kidogo.

Kwanza yafaa kujua hedhi ni nini. Kila mwezi mwili wa msichana aliyekua huandaa mji wa mimba kwa kuutandika ngozi laini yenye damu nyingi. Mimba isipotungwa, ngozi ile haina kazi, nayo hutoka pamoja na damu kidogo kidogo kwa muda wa siku tatu hadi saba. Damu yote ya siku hizo, kwa watu wengi, haizidi vijiko vichache vya chakula. Si ugonjwa, wala si uchafu wa kumwonea mtu haya. Ni dalili ya kuwa mwili unafanya kazi yake. Lakini msichana atokwaye na damu nyingi mno, au mwenye maumivu yanayomzuia kusimama, yampasa apelekwe kwa mganga wa hospitali.

Kitambaa cha kuipokea damu hiyo huitwa sodo. Wanawake wa zamani walikata vipande vya kanga kuukuu, wakavikunja na kuvifunga kiunoni, kisha wakavifua na kuvitumia tena. Siku hizi madukani huuzwa pedi za kutupwa, ambazo hutumika mara moja tu. Hizo ni nyepesi na rahisi kubeba, lakini hununuliwa upya kila mwezi, na katika vijiji vilivyo mbali na maduka hazipatikani siku zote. Tena nyingi zina plastiki ndani yake; zikitupwa porini kando ya barabara hazioezi upesi kama majani, bali hukaa miaka mingi.

Kwa sababu hiyo watu wamerudia shauri la zamani, wakalitengeneza vizuri zaidi. Mwaka 2010 katika nchi ya Uganda, karibu na mji wa Masaka, ilianzishwa kampuni iitwayo AFRIpads, ambayo mafundi wake hushona sodo za kufuliwa kwa cherehani. Sodo ya namna hiyo ina matabaka matatu. La juu, liguslo ngozi, ni kitambaa laini. La kati ni nene, mfano wa taulo, nalo hufyonza damu. La chini ni kitambaa kisichopitisha maji, kisije kikaichafua nguo. Pande zote mbili kuna mabawa yenye vifungo, ambayo hukunjwa chini ya chupi na kufungwa ili sodo isiteleze. Ikitunzwa vema hutumika mwaka mzima au zaidi. Fundi yeyote wa kijijini ajuaye kushona aweza kuitengeneza.

Sasa tazama hesabu ya safari. Gari liondokalo Singida alfajiri kwenda Dar es Salaam hupita Ikungi, Manyoni, Dodoma na Morogoro, na mwendo wake ni kama saa 12 au zaidi. Sodo hubadilishwa kila baada ya saa 4 hadi 6, na siku ya damu nyingi hubadilishwa mapema zaidi. Basi, msichana akiondoka amevaa moja, akabadilisha baada ya saa 4, na tena baada ya saa 8, sodo tatu zitamfikisha. Ya nne ni akiba, kwa maana gari laweza kuharibika njiani. Na akiba haiozi. Nyingine mbili zafaa kubaki sandukuni ili zitumike wakati zile za kwanza zinapokauka. Jumla ni sita.

Hizi nne za njiani zisifungiwe katika sanduku, kwani sanduku hutiwa chini ya gari na halifunguliwi mpaka mwisho wa safari. Ziwekwe katika mkoba wa mkononi, pamoja na chupa ya maji, kipande cha sabuni, chupi moja safi, na mifuko miwili. Mfuko wa kwanza ni wa sodo safi. Wa pili ni wa zilizotumika, nao uwe wa kitambaa kisichopitisha maji. Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu imepigwa marufuku katika Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019. Kwa hiyo asiye na mfuko huo aweza kutumia kopo lenye mfuniko wa kubana. Tena avae nguo ya rangi nyeusi au ya giza, na kanga moja iwe karibu, maana kanga hufaa kwa kujisitiri, kwa kukalia na kwa kujifutia.

Gari lisimamapo, abiria hushuka kuchimba dawa, kama wasemavyo wasafiri. Mahali pengine pana vyoo na maji. Pengine ni vichaka tu. Msichana mwenye akili hangoji kichaka, bali hubadilisha kwenye kituo chenye choo, hata kama saa zake hazijatimia. Kabla ya kuigusa sodo safi hunawa mikono kwa sabuni na maji ya chupa yake. Ile iliyotumika huikunja upande wa damu uwe ndani, akaifunga kwa vifungo vyake vyenyewe, ikawa kama kifurushi kidogo, kisha akaitia katika mfuko wa pili. Akimaliza hunawa tena. Kazi yote haizidi dakika chache. Wala asiache kunywa maji njiani kwa hofu ya choo, kwa sababu kiu na joto la garini huleta maumivu ya kichwa na uchovu.

Akifika aendako, asizilaze sodo zile mfukoni kwa siku nyingi. Vijidudu hupenda mahali penye unyevu, joto na giza, na mfuko uliofungwa una yote matatu. Usiku ule ule, au asubuhi yake, aziloweke katika maji ya baridi. Watu wengi hudhani maji ya moto husafisha damu upesi, lakini sivyo. Damu ina kitu kilicho mfano wa ute wa yai. Ute wa yai ukipata moto hugeuka ukawa mgumu. Na damu vivyo hivyo ikipata maji ya moto hugandamana na nyuzi za kitambaa, isitoke tena. Maji ya baridi huilegeza. Baadaye hufuliwa kwa sabuni, zikasuuzwa mpaka maji yatoke meupe.

Katika Singida maji yenyewe yataka kuchaguliwa. Mjini yapo maziwa mawili, Singidani na Kindai, lakini maji yake ni ya chumvi. Visima vingine navyo hutoa maji magumu, ambayo sabuni haitoi povu vizuri ndani yake, bali hufanya utando mweupe. Kitambaa kilichosuuzwa kwa maji ya chumvi hubaki na chumvi katika nyuzi, nayo huvuta unyevu na kuikwaruza ngozi. Maji ya mvua ni bora. Yakiwa haba, afadhali kufulia kwa maji magumu na kuweka kiasi kidogo cha maji laini kwa kusuuza mara ya mwisho.

Baada ya kufua huja kazi iliyo kubwa kuliko zote, nayo ni kukausha. Wasichana wengi huona haya kuanika sodo zao mbele ya watu, wakazificha chini ya godoro au nyuma ya sanduku. Huko hazikauki, hufanya ukungu, na anayezivaa hupata mwasho na pengine ugonjwa. Jua lina nguvu ya kuua vijidudu vingi, tena halinunuliwi. Katika shule nzuri matroni huweka kamba mahali palipozungushiwa ua, penye jua na upepo, ili wasichana waanike bila kutazamwa. Pasipo na ua kama huo, msichana aweza kuzifunika kwa kitambaa chepesi kipitishacho upepo.

Majira ya mwaka yana shida zake. Mvua ya Singida, ambayo ni kama milimita 500 hadi 800 kwa mwaka, hunyesha hasa kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili. Shule zifunguliwapo mwezi Januari, maji yapo lakini jua ni la kubahatisha. Hapo sodo hufuliwa mapema asubuhi, zikakamuliwa ndani ya taulo kavu. Mwezi Julai ni kinyume chake: jua na upepo hukausha upesi, lakini maji ni shida, na mwenye sodo sita ana nafuu kuliko mwenye mbili. Sodo isiyokauka kabisa isivaliwe, wala sodo ya mtu mmoja isiazimwe na mwingine.

Kuna chombo kingine, yaani kikombe cha hedhi. Mwaka 1937 huko Marekani mwanamke aitwaye Leona Chalmers alipata hataza ya kikombe cha namna hiyo kilichofanywa kwa mpira. Cha siku hizi hufanywa kwa silikoni laini. Huvaliwa ndani ya mwili, na chaweza kukaa hata saa 12, muda wa safari nzima. Mwaka 2019 jarida la The Lancet Public Health lilitoa habari za uchunguzi 43 uliohusu watu 3,319, na kikombe kilionekana kuwa salama, tena hakivuji kuliko sodo. Lakini chataka mikono safi na kuchemshwa kila mwezi. Kwa hiyo msichana atakaye kukitumia na ajifunze kwanza nyumbani, kwa msaada wa mama, shangazi au muuguzi, wala asikianze siku ya safari.

Wavulana nao wana sehemu yao. Kaka amsindikizaye dada yake kituoni aweza kumwomba dereva asimame penye choo, bila kueleza sababu. Mwanafunzi aonaye doa katika nguo ya mwenziwe na ampe sweta ajifunge kiunoni, badala ya kucheka. Kicheko cha dakika moja chaweza kumfanya msichana asirudi darasani kwa juma zima.

Tarehe 28 Mei, tangu mwaka 2014, nchi nyingi huadhimisha siku ya usafi wa hedhi. Tarehe hiyo ilichaguliwa kwa kuwa mzunguko wa hedhi kwa kawaida ni kama siku 28, na Mei ni mwezi wa tano, mfano wa siku tano za damu. Miaka ya kwanza mzunguko hubadilika sana. Kwa hiyo msichana aandike siku zake katika kalenda, lakini asiitegemee kalenda peke yake. Hata kama hesabu yasema bado siku kumi, sodo mbili ziwemo mkobani.

MASWALI
1. Kwa nini sodo ziwekwe katika mkoba wa mkononi na si katika sanduku?
2. Eleza sababu ya kuloweka damu katika maji ya baridi.
3. Safari ikiwa ya saa 16, na sodo hubadilishwa kila saa 4, zatakiwa sodo ngapi pamoja na moja ya akiba?
4. Kuna shida gani ya kufua au kukausha mwezi Januari? Na mwezi Julai je?
5. Mvulana aweza kumsaidiaje mwenziwe?