Kabari Hutafuta Ufa

Gogo la mpingo halipasuliwi kwa nguvu. Anayejifunza kuchonga huinua shoka akalitwanga katikati, akaambulia mikono kufa ganzi. Fundi huligeuzageuza kwanza, akapapasa kwa kidole kilicholowa mate mpaka aupate ufa mwembamba kama unywele, ndipo atie kabari. Ufa ni wa gogo lenyewe. Kabari ni ya mtu mwingine, na mgonga nyundo anaweza kuwa wa tatu kabisa.

Haya niliyasema juzi hapa kibandani kwangu Lunga Lunga, kando ya barabara iendayo Horohoro. Dereva mmoja wa lori alikuwa akisubiri karatasi zake za forodha, simu mkononi, akitazama habari za Sudan. Akaniuliza, "Hivi mzee, hawa wanaouana wenyewe kwa wenyewe, kwani hawachoki?"

Nikamwambia hilo neno "wenyewe" ndilo linalonikera. Sijaona bado vita vya wenyewe vilivyofika miaka kumi bila mgeni jikoni. Darfur kuna kiwanda gani cha droni? Akacheka. Nikampa kigoda, maana foleni ilikuwa ndefu, nikamsimulia vya kwetu.

Mimi ni Mmakonde. Baba yangu alitoka uwanda wa juu wa Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, akavuka Ruvuma, akakata mkonge Tanga, kisha akaja kukata miwa Ramisi. Nilizaliwa huku, nikaoa huku, nikazeeka huku bila kitambulisho, mpaka wenzetu walipotembea kutoka Kwale hadi Nairobi Oktoba 2016 kwenda kumwona Rais Uhuru Kenyatta. Mwaka uliofuata tukaitwa kabila la 43 la Kenya. Lakini nusu ya ukoo ilibaki Msumbiji, na vita vya kule tulivisikiliza kwa redio ya baba kama watu wanaosikiliza jirani akipigwa nyuma ya ukuta. Vilianza 1977, vikaisha 1992. Watu wapatao milioni moja walikufa, wengi kwa njaa.

Nyufa zilikuwapo, nisidanganye. Uhuru ulipopatikana Juni 25, 1975, chama cha Frelimo kilishika nchi kikiwa na haraka ya kufuta kila alichokigusa Mreno. Machifu waliokuwa wakimkusanyia kodi wakavuliwa madaraka. Makanisa yakapokonywa shule na hospitali. Wazee wa mila wakaitwa washirikina, na wakulima wengi wakahamishiwa vijiji vya jumuiya, mbali na mashamba yao na makaburi ya babu zao. Kileleni walijaa watu wa kusini: Eduardo Mondlane, Samora Machel, Joaquim Chissano, wote wa Gaza. Watu wa kati, hasa Wandau, wakaona wametoka kwa bwana mmoja wakaingia kwa mwingine. Hata sisi Wamakonde, tulioibeba Frelimo mgongoni tangu risasi ya kwanza ya Septemba 1964, tulikuwa na wetu: Lazaro Nkavandame, mkubwa wa jimbo letu la Cabo Delgado ndani ya chama, aligombana na wenzake akaishia kwa Wareno mwaka 1969. Baba hakupenda jina lile litajwe wakati wa kula.

Kwa nyufa hizo peke yake yangezaliwa manung'uniko, pengine maasi ya wilaya mbili tatu. Miaka kumi na sita? Sidhani.

Kabari ilitoka Rhodesia. Machi 1976 Rais Machel alifunga mpaka na serikali ya Ian Smith, na tayari alikuwa amewapa wapiganaji wa ZANU, waliokuwa wakimpinga Smith, mahali pa kulala. Majasusi wa Smith, chini ya Ken Flower, wakawakusanya Wamsumbiji wenye kinyongo, askari waliotoroka na wafungwa, wakawapa bunduki na idhaa ya redio. Ndio Renamo hao. Kiongozi wao wa kwanza, André Matsangaissa, aliuawa 1979, na Afonso Dhlakama akashika nafasi.

Sasa angalia mwaka 1980. Rhodesia inakuwa Zimbabwe, aliyewafuga Renamo hana tena nchi, na vita vilipaswa vife hapo. Afrika Kusini ya makaburu ikawapokea, ikawahamishia kwake na kuwapa mafunzo na silaha. Maputo ilikuwa ikiwahifadhi watu wa ANC, waliokuwa wakiwapinga makaburu. Hilo kila mtu alilisema. Lililosemwa kwa sauti ya chini ni reli. Bandari ya Beira ndiyo iliyokuwa njia fupi ya Zimbabwe kufika baharini. Ukilipua reli ile, mzigo wa Harare hauna budi kupita bandari za Afrika Kusini, na nchi inayopitisha chakula chake mlangoni kwako haikupigii kelele. Mkulima wa Manica aliyenyang'anywa shamba lake na chama hakujua kwamba hasira yake inalinda biashara ya Durban.

Upande wa pili nao haukukosa wajomba. Wasovieti walileta silaha kwa Frelimo. Zimbabwe ilileta maelfu ya askari kulinda njia ya Beira, na Tanzania pia ikapeleka wake. Siwalaumu, ila hesabu ni hesabu: kila upande ulipata cha kuuzuia usishindwe, na hakuna uliopata cha kushindia. Mwaka 1984, Machi 16, Machel na P. W. Botha wa Afrika Kusini walitia saini mkataba wa Nkomati: wewe nifukuzie ANC, mimi nawaacha Renamo. Baba alishangilia. Mwaka uliofuata ngome ya Renamo kule Gorongosa ilitekwa, zikaokotwa humo shajara zilizoonyesha maofisa wa Afrika Kusini hawajaacha kitu. Baba akaizima redio, na siku mbili nyumba haikusikia taarifa ya habari.

Shangazi yangu aliolewa na Mlomwe, mfanyakazi wa mashamba ya chai ya Gurué. Mwanawe alichukuliwa na Renamo akiwa na miaka 13, akitoka kuteka maji. Alifika kwetu 1995, kijana mzima asiyeweza kula ameketi: sahani mkono mmoja, mgongo ukutani, macho mlangoni. Kazi yake kule ilikuwa kubeba mizigo, mwanzo chumvi, baadaye risasi. Alinisimulia usiku wa kuwasha mioto mbugani ili ndege ijue pa kushushia. Miavuli ilishuka kimya, na asubuhi wanawake wakagombea kitambaa chake wakashona magauni. Magauni mazuri, alisema, yakiteleza kama hariri.

Nilimuuliza kwa nini wanavijiji hawakwenda kuwasemea Renamo kwa askari wa serikali. Akanieleza habari za babu yake wa upande wa baba, aliyekuwa chifu mpaka Frelimo ilipomvua. Siku Renamo walipoingia walimvika kofia yake ya zamani mbele ya watu. Mzee yule akawapa mahindi, na hao hao wakamchukua mjukuu wake. Kambini amri zilitolewa kwa Kindau, lugha ya makamanda, naye aliifundishwa kwa fimbo. Hadi leo akikasirika hutukana kwa Kindau, lugha ya watu waliomwiba.

Dereva akaniuliza viliishaje. Niseme kweli, sikumpa jibu la kupendeza. Wagonga nyundo walichoka. Moscow iliishiwa, makaburu wakaanza kuzungumza na Mandela, na ukame wa 1992 ukaacha majeshi yote mawili bila kijiji cha kupora. Hapo ndipo maneno ya mapatano yaliposikika, ingawa yalikuwa yamekwisha kusemwa, tena hapa hapa Kenya: Agosti 1989 viongozi wa makanisa ya Msumbiji walikutana na Dhlakama Nairobi, Rais Moi na Robert Mugabe wakiwa wapatanishi. Mmoja wa viongozi hao alikuwa Jaime Gonçalves, askofu mkuu wa Beira, Mndau kama Dhlakama mwenyewe. Mazungumzo yakahamia Roma, kwa jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio, na saini zikatiwa Oktoba 4, 1992. Siku ile mtoto wa shangazi alikuwa porini Zambezia. Anasema walisikia redioni, wakakaa wiki nzima wakidhani ni mtego.

Lori lilisogea hatua mbili, dereva akakimbia kulisogeza, akarudi. Hapo tukafika Cabo Delgado, ambako mimi huwa sisemi sana.

Oktoba 5, 2017 vijana wenye bunduki walivamia Mocímboa da Praia, na kule kwetu hakujatulia tangu siku hiyo. Pwani ni ya Wamwani, Waislamu, ambao ukiwasikia wakizungumza utadhani ni ndugu zako wa Vanga. Juu Mueda ni Wamakonde, wengi Wakatoliki, wenye pensheni za ukombozi, na rais wa wakati ule, Filipe Nyusi, alikuwa wetu. Katikati ya nyufa hizo ikapatikana gesi ya mabilioni baharini. Wapiganaji wakajifunga kwa kundi la Dola la Kiislamu, Palma ikashambuliwa Machi 2021, kampuni ya Ufaransa ikasimamisha mradi, na kufika Julai askari wa Rwanda na wa nchi za SADC walikuwa wameingia. Kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kuwa pale.

Mimi naitwa Hamisi. Baba alisilimu Ramisi, na Wadigo ndio waliotuzika na kutuoza. Nduguye aliyebaki Mueda aliwapa wanawe majina ya ubatizo. Mmoja wao hunipigia simu kila Jumapili baada ya misa, na mwaka huu nilimwambia nataka kwenda kuliona kaburi la bibi kabla miguu haijakataa. Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika.

Kisha akasema, "Njoo, kaka. Ila njiani wakikusimamisha, kwanza tazama ni kina nani, ndipo uwaambie jina lako."