Kwa Nini Bwawa Lenye Bitana ya Plastiki Halifai Kuwa na Kona Kali

Dumu la plastiki la lita 20, lile ambalo watu wa Kibaha na Kisarawe hulitumia kila siku kuchotea maji, halina kona kali hata moja. Mabega yake yameviringwa, kingo za ubavuni zimeviringwa, na hata mahali kitako kinapokutana na kuta pameviringwa. Wengi hudhani kwamba umbo hilo ni la kupendezesha macho tu, au limekusudiwa lisimuumize mchukuzi. Sababu kubwa imo kiwandani. Dumu hutengenezwa kwa kupuliza hewa ndani ya mrija wa plastiki ya moto uliofungiwa katika kalibu. Plastiki inapogusa ukuta wa kalibu hupoa na kuganda, wala haisogei tena. Sehemu ambayo haijagusa ukuta ndiyo inayoendelea kutanuka mpaka ifike konani. Iwapo kona ni kali, plastiki itakayofika huko itakuwa imetanuka mno na kubaki nyembamba, na dumu litapasuka hapo hapo siku litakapoanguka likiwa limejaa.

Kanuni iyo hiyo hufanya kazi katika bwawa lililotandikwa bitana ya plastiki, liwe ni bwawa la kuogelea, la kufugia perege na kambale, au la kuhifadhia maji ya mvua. Tofauti ni kwamba mahali pa hewa pamechukuliwa na maji, na mahali pa kalibu pamechukuliwa na shimo lililochimbwa kwa jembe na sururu.

Bitana hiyo ina umuhimu wake katika wilaya hizi mbili. Ardhi ya Kibaha, kama ilivyo sehemu kubwa ya Mkoa wa Pwani, ina mchanga mwingi, na maji yaliyoachwa katika shimo tupu la mchanga hunywewa na ardhi kabla ya mwenye shimo hajayafaidi. Kisarawe ina bahati ya vilima vya Pugu, vinavyojulikana kwa udongo wake mweupe uitwao kaolini. Lakini udongo huo haupo kila kijijini. Ni kweli kwamba mtambo wa Ruvu Juu uliopo Mlandizi umekuwa ukisukuma maji tangu mwaka 1959, na kwamba mwaka 2020 maji ya Ruvu yalifika mji wa Kisarawe kwa bomba kutoka Kibamba. Hata hivyo shamba lililo mbali na bomba hutegemea masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, na kati ya misimu hiyo pana kiangazi kirefu. Maji yakipotea mwezi wa Juni, hayarudi mpaka vuli.

Bitana yenyewe huuzwa kwa jina la nailoni, ingawa kwa kemia si nailoni: aghalabu ni polithini, au PVC katika mabwawa ya kuogelea. Jina la sokoni halina madhara. Lenye madhara ni kudhani kwamba kwa kuwa plastiki hutanuka, basi itajipatia umbo lolote itakalolikuta chini yake.

Tuchukue bwawa la urefu wa mita 10, upana wa mita 5 na kina cha mita 1.5. Hujaa lita 75,000, yaani madumu 3,750. Karibu na sakafu yake kanieneo ya maji ni nyutoni 14,700 kwa kila mita mraba, sawa na uzito wa tani moja na nusu uliokalia eneo la meza ndogo. Bitana iliyosukumwa dhidi ya ukuta kwa nguvu kama hiyo hubanwa na msuguano, nayo haiwezi kuteleza ili kupeleka ziada yake mahali inapohitajika. Imeganda, kama plastiki ya dumu ilivyoganda kwenye kalibu. Kwa hiyo ikiwa kwenye kona kumebaki nafasi ambayo bitana haijaifikia, kipande kile kidogo kilicho juu ya nafasi hiyo ndicho kitakachobeba mzigo wote wa kutanuka.

Kiasi cha kutanuka kinaweza kukokotolewa na mwanafunzi yeyote anayejua mzingo wa duara. Bitana inayovuka kona ya nyuzi 90 hujipinda kuwa tao la robo duara linalogusa kuta zote mbili. Nusukipenyo cha tao hilo kikiwa r, urefu wake ni nusu ya pai mara r, yaani 1.57r. Ili ifike mpaka ndani kabisa ya kona, bitana hiyo hiyo haina budi kufuata njia ya ukuta mmoja kisha ukuta wa pili, yaani r na r, jumla 2r. Gawanya 2 kwa 1.57: jibu ni 1.27. Bitana itatanuka kwa asilimia 27. Jambo la kustaajabisha ni kwamba r imejifuta yenyewe katika hesabu. Nafasi iwe ya kidole kimoja au ya hatua moja, asilimia ni ile ile. Polithini nzito, ile ngumu inayotumiwa kwa mabwawa makubwa, huanza kutanuka bila kurudi inapofikia kiasi cha asilimia 12.

Hiyo ni kona ya kuta mbili. Kwenye sakafu kuna kona ya tatu, mahali kuta mbili na sakafu hukutana, na hapo ndipo mambo huharibika zaidi. Bitana inayovuka kona hiyo hufanana na sehemu moja ya nane ya tufe, ambayo eneo lake ni 1.57 mara r ya pili. Nyuso tatu za kona zina eneo la 3 mara r ya pili. Bitana yapaswa kuongezeka eneo kwa asilimia 91, na kwa kuwa plastiki haizaliwi pale, ongezeko hilo hulipwa na unene. Bitana ya nusu milimita itabaki, kwa wastani, na robo ya milimita na chembe kidogo. Wastani huo nao hudanganya, maana ile nukta ya ndani kabisa ndiyo inayofikiwa mwisho na kukondeshwa kuliko zote.

Fundi makini atauliza: kwani lazima bitana itanuke? Si inaweza kukunjwa? Anasema kweli. Karatasi bapa ikitandikwa ndani ya sanduku hubakiza ziada kwenye kila kona, na ziada hiyo hukunjwa pembetatu kama mtu anavyofunga zawadi. Mwaka 1827 mwanahisabati Mjerumani Carl Friedrich Gauss aliandika uthibitisho wake mashuhuri ambao, kwa lugha nyepesi, wasema kwamba uso bapa hauwezi kuvikwa tufe pasipo kukunjwa, kukatwa au kutanuliwa. Basi palipo na bitana na kona ya sakafu, mkunjo au mtanuko hauepukiki. Lakini mkunjo mkubwa mmoja katika kona kali ni tabaka tatu za plastiki zisizotaka kulala. Nyuma yake hubaki uwazi, mstari wa mkunjo hudhoofika, na uchafu hujificha ndani. Katika kona ya mviringo ziada ile ile hugawanyika kuwa mikunjo midogo mingi, nayo hulala vizuri ukutani.

Hapa pana jambo ambalo huwapotosha hata wanaoujua ubora wa kona ya mviringo. Si bitana inayopaswa kuviringwa, ni shimo. Mtu anaweza kuacha kona ya shimo ikiwa kali, akaitandika bitana juu yake kwa tao pana la kupendeza, akadhani amefanya kazi nzuri. Amefanya kosa kubwa kuliko yule aliyeisukuma mpaka ndani. Mvutano katika bitana isiyoegemea kitu ni kanieneo mara nusukipenyo. Tao la sentimita 30 lililo karibu na sakafu ya bwawa letu litavutwa kwa nyutoni 4,410 katika kila mita ya upana wake, uzito wa kilo 450, ambayo ni mifuko 9 ya saruji. Tao la sentimita 10 lingevutwa kwa theluthi moja tu ya hiyo. Kadiri tao lisiloegemea linavyokuwa pana, ndivyo linavyoteswa. Bali likijazwa nyuma kwa udongo ulioshindiliwa, au kwa chokaa ya saruji na mchanga, mzigo wote hupokewa na ardhi na bitana hubaki na kazi yake halisi: kuzuia maji yasipite.

Gharama ya kuviringisha ni ndogo kuliko wengi wanavyohofia. Kona moja ya wima yenye nusukipenyo r hupunguza eneo la bwawa kwa 0.215 mara r ya pili. Kwa sentimita 30, kona zote nne za bwawa letu hupoteza lita 116. Ukiviringisha pia ukingo wote wa sakafu kwa sentimita 15, hupotea lita 145 nyingine. Jumla ni kama madumu 13 kati ya 3,750.

Linganisha na tundu. Tundu la milimita 5 lililo chini ya kina cha mita 1.5, kama udongo wa nyuma yake unapitisha maji bila kizuizi kikubwa, hutoa kiasi cha lita 5,500 kwa siku mwanzoni, ambazo ni madumu 275. Kasi hupungua kadiri kina kinavyopungua, lakini kwa hesabu ya Torricelli bwawa lote litakuwa limekauka kabla mwezi haujaisha. Mahali pa tundu ni muhimu kuliko ukubwa wake. Mpasuko ulio karibu na ukingo wa juu hupoteza maji ya juu tu, kisha hukoma wenyewe. Mpasuko wa kona ya sakafu haukomi mpaka tone la mwisho, na ndiko kona kali inakoupeleka.

Kuna njia ya pili ya kuipunguza adha ya kona, nayo ni kuipanua pembe yenyewe. Katika Husuni Kubwa huko Kilwa, jumba la karne ya 14 linalohusishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lipo bwawa la kuogea la pembe nane. Wajenzi wake walitumia mawe ya matumbawe na chokaa, wala hawakuwa na bitana ya plastiki ya kuwahangaisha. Hata hivyo umbo lao linafaa kwa somo letu. Pembe ya ndani ya umbo la pembe nane zilizo sawa ni nyuzi 135. Bitana inayovuka pembe hiyo hugeuka nyuzi 45 tu, na mtanuko wake hushuka kutoka asilimia 27 hadi 5.5. Mchimbaji wa bwawa la samaki aliyelaza kuta zake kwa mteremko wa nyuzi 45 amepata faida hiyo hiyo kati ya ukuta na sakafu, pengine bila kujua. Ndiyo sababu bwawa la udongo lenye kuta za kulala husamehe makosa mengi ambayo bwawa la kuta za wima halisamehi.

Kuchora kona ya mviringo kunahitaji mambo na kamba. Kutoka kwenye kona pimwe sentimita 30 juu ya kila ukuta. Kutoka katika alama hizo ipigwe mistari ya nyuzi 90 kuelekea ndani ya bwawa, kwa kamba ya 3, 4 na 5. Mahali mistari inapokutana hupigwa mambo, na kamba ya sentimita 30 iliyofungwa hapo huchora robo duara inayogusa kuta zote mbili bila kuacha kigongo. Ukingo wa sakafu hulainishwa kwa mwiko na kipande cha bomba au chupa. Kisha mizizi na vijiwe huondolewa kwa mkono, kazi ya kuchosha isiyo na njia ya mkato. Maji ya kwanza yaingizwe polepole, na bitana isogezwe konani wakati kina bado ni cha kifundo cha mguu, kabla msuguano haujaibana.

Mabwawa ya kuogelea yana sharti lake. Bitana ya PVC hushonwa kiwandani ikiwa ndogo kidogo kuliko bwawa ili ivutike na kulala bila makunyanzi; hivyo huingia majini ikiwa tayari imetanuka, na ina akiba ndogo ya kupoteza konani. Huko Marekani viwanda vingi hutoa kona za sentimita 15 au 60. Kwa bwawa la mashindano, ukuta wa kugeukia lazima ubaki wima na bapa, kwa hiyo mviringo mkubwa haufai hapo.

Kwa darasa, puto na boksi la chaki vinatosha. Kwenye puto lililopulizwa kidogo vichorwe kwa kalamu ya wino vimraba vya sentimita moja, kisha lipulizwe zaidi likiwa ndani ya boksi mpaka lijaze pande zote. Vimraba vilivyogusa ubao mapema vitabaki karibu na ukubwa wake. Vilivyo karibu na kona vipimwe na kulinganishwa. Wanafunzi wa hisabati nao wachukue bwawa ambalo kuta zake zote zimelazwa nyuzi 45, na watafute pembe iliyopo kati ya kuta mbili zinazopakana. Watapata nyuzi 120, wala si 135 kama wengi wao watakavyokisia kwanza, na mtanuko wa asilimia 10 na kitu.