Pikapu ya Dizeli Haivuti na Inatoa Moshi? Soma Rangi ya Moshi Kabla Hujafungua Injini



Leo tunaweka jembe pembeni tuongelee gari. Najua kuna atakayesema bwana shamba kaacha vitunguu kahamia gereji. Hapana. Kitunguu kisipofika sokoni ni hasara kama hasara nyingine, na wengi wenu mmenunua pikapu za dizeli kwa pesa za mkopo.

Msimu uliopita kijana mmoja wa Mang'ola alinipigia simu alfajiri. "Kaka, nitafutie mteja wa haraka, nauza vitunguu hapa hapa shambani kwa bei yoyote." Kumbe gari lake lilikuwa linapanda kwenda Karatu na gunia kumi, likaishiwa nguvu, nyuma moshi mweusi tii. Fundi akasikiliza injini dakika mbili, akasema ringi zimekwisha, injini ifunguliwe. Ndiyo maana alitaka pesa haraka.

Nikamwambia, "Mdogo wangu, usiuze kwanza. Oili inapungua?" Akasema haipungui. Hapo nikapata shaka, maana ringi zikiisha oili huungua, na moshi wake ni wa bluu. Tulipofungua ea klina tukakuta vumbi limeganda kama udongo wa tofali. Mpira wa tabo nao ulikuwa umechanika upande wa chini, huoni mpaka uuminye. Akabadilisha hivyo viwili, akapanda mlima na mzigo uleule. Injini haikuguswa.

Dizeli inavyofanya kazi

Injini ya dizeli haina plagi za cheche kama ya petroli. Inagandamiza hewa mpaka hewa inakuwa ya moto sana, kisha nozeli inanyunyiza dizeli humo na inawaka yenyewe. Kwa hiyo inahitaji vitu vitatu: hewa ya kutosha, dizeli safi iliyonyunyizwa vizuri kwa wakati wake, na mgandamizo. Kimoja kikipungua nguvu inapotea, na mara nyingi moshi unakuambia ni kipi.

Moshi mweusi: dizeli nyingi, hewa kidogo

Dizeli inaingia lakini haipati hewa ya kuiunguza yote, inatoka kama masizi. Anza na ea klina, halafu mipira na klemu za tabo. Mpira ukivuja, mara nyingi utasikia mlio wa kupuliza unapokanyaga mafuta, na utaona mafutamafuta pale panapovuja.

Kama hewa iko sawa, shuku nozeli. Hapa nyinyi mnaelewa kuliko watu wa mjini. Nozeli ya bomba la kupulizia dawa ikichakaa, badala ya ukungu inadondosha matone makubwa. Ya injini ni hivyo hivyo, na tone kubwa haliungui lote. Tabo iliyochoka na vali ya kurudisha moshi iliyoganda kwa masizi nayo huleta moshi mweusi.

Na tuambiane ukweli: ukipakia lumbesa kwenye pikapu ya tani moja halafu ukapanda mlima, moshi mweusi usimlaumu fundi.

Moshi mweupe: dizeli isiyoungua, au maji

Asubuhi ya baridi mvuke kidogo ni kawaida, ukikata baada ya injini kupata moto usihangaike. Ukiendelea, nusa kwa mbali. Kama unanuka dizeli na kuwasha macho, dizeli inatoka bila kuungua: plagi za kupasha moto zimekufa, majira ya pampu yamekosewa, nozeli imeharibika, mgandamizo umeshuka au dizeli ina maji.

Kama maji ya rejeta yanapungua bila kuona yanapovujia, na gari linachemsha, shuku gasketi ya silinda hedi. Hapo usijikaze ufike sokoni. Zima, paki, hamisha mzigo. Kukodi gari lingine ni nafuu kuliko kununua hedi. Na usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto, maji yatakuruka usoni.

Moshi wa bluu: unaunguza oili

Chomoa kijiti cha oili. Ikiwa imezidi alama ya juu, ipunguze kwanza, wapo wanaojaza kwa kukisia. Ikiwa inapungua kila wiki, basi ni ringi, sili za vali au sili za tabo. Hii kweli ni kazi ya fundi.

Usiichelewe. Tabo ikimwaga oili nyingi kwenye njia ya hewa, injini inaweza kujiendesha kwa oili hiyo, ikanguruma hata ukizima ufunguo. Ikitokea kwenye gari la manyo, kanyaga breki kwa nguvu, weka gia kubwa kabisa, achia klachi izime.

Hakuna moshi, ila haivuti

Hapa mara nyingi dizeli haifiki ya kutosha. Chujio la dizeli limeziba, au mpira wa mafuta unavuta hewa. Kama mlio wa injini unapanda lakini mwendo haupandi, klachi inateleza. Baada ya safari pitisha mkono karibu na rimu bila kugusa. Moja ikiwa na joto kuliko wenzake, breki inashika. Gari la kisasa likiwasha taa ya injini linaweza kujipunguzia nguvu lenyewe, lipimwe kwa kompyuta.

Utaratibu wa kukagua, tuanze na vya bure

1. Mzigo, upepo wa matairi na breki.
2. Ea klina. Itoe, mulika tochi kwa ndani. Mwanga usipopita, badilisha. Ukipuliza kwa kompresa, puliza kidogo kidogo kutoka ndani kwenda nje. Ya karatasi usiioshe, na usiendeshe bila ea klina hata siku moja. Vumbi litasaga ringi na tabo, na moshi mweusi wa leo utakuwa wa bluu kesho.
3. Mipira ya tabo, minya yote injini ikiwa imezimwa.
4. Chujio la dizeli. Mengi yana koki chini. Fungulia kwenye chupa nyeupe, acha itulie. Maji ni mazito kuliko dizeli, yatakaa chini.
5. Oili na maji ya rejeta, injini ikiwa imepoa.

Mabomba ya nozeli usiyalegeze injini inapowaka, hasa magari ya kisasa. Presha yake inapenya ngozi.

Dizeli ya madumu ndiyo inayomaliza nozeli za wengi. Ikiwa imechakachuliwa kwa mafuta ya taa, inapoteza ulaini unaolinda pampu. Jaza sheli unayoiamini.

Ukifika kwa fundi

Mimi nina diploma ya kilimo, si ya ufundi magari, na mafundi wazuri wapo wengi. Ila akikuambia injini ifunguliwe, muulize swali moja kwa heshima: "Fundi, umepimaje?" Mgandamizo una kipimo chake, nozeli zina mashine yake. Mweleze moshi ni wa rangi gani, unatoka wakati gani, na oili au maji vinapungua kiasi gani. Andika kwenye daftari lako la shamba, palepale unapoandika mbolea na dawa.

Mengi ya haya yanahusu pia pampu ya dizeli ya kumwagilia. Nayo ikianza kutoa moshi mweusi mtaroni, kabla ya kumwita mtu, fungua ea klina.

Kazi njema, na mzigo ufike salama.