Gramu Sabini na Kidogo

Mteja akiniletea ankara iliyoandikwa "kitambaa" basi, namrudishia. Mimi ni wakala wa forodha, Dar es Salaam, na neno hilo halinisaidii kitu. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, majora ya kitambaa kisichofumwa, kile cha mifuko ya sokoni, hayanipi nafasi ya kupumua. Hakina mtande wala mshindio: ni nyuzi za polipropilini zilizotandazwa zikashikanishwa kwa joto. Namba yake ya ushuru ni 5603.

Lakini 5603 ipi? Nakata kipande cha sentimita 10 kwa 10, nakipima kwenye mizani ya sonara, nazidisha kwa 100. Kikisoma gramu 0.70, mita ya mraba ina gramu 70. Kama nyuzi zake ni ndefu zisizokatwakatwa, kinaingia 5603.12. Kikizidi hapo hata chembe, ni 5603.13. Mizani ya jikoni haifai, jamani! Kikipakwa plastiki pande zote mbili, na ikaonekana kwa macho, kinahamia sura ya 39. Kikilowekwa sabuni, 3401. Na kikishashonwa mfuko, 5603 isahau kabisa.