Mate ya mkimbizi yanaweza kumweleza nini mtafiti?

Mtafiti wa sayansi ya jamii afikapo katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, kwa kawaida huja na dodoso. Pengine huja pia na kichupa cha kukusanyia mate. Mkazi ana haki ya kuuliza: mate yangu yana uhusiano gani na habari za maisha yangu?

Kwa nini mwili upimwe?

Mtu anapopatwa na hofu, tezi zilizo juu ya figo hutoa homoni iitwayo kortisoli, mapigo ya moyo huongezeka na viganja hutoka jasho. Yote hayo hupimika. Watafiti huyalinganisha na majibu ya mhojiwa, kwani aibu, woga au tafsiri ya mkalimani huweza kubadili maana ya kilichosemwa.

Mate hubeba pia jeni. Mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wakimbizi 408 wa Nakivale walionusurika mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994. Walihojiwa kuhusu yaliyowafika, na jeni zao zikachunguzwa. Ilibainika kwamba kadiri mtu alivyopitia aina nyingi za matukio ya kutisha, ndivyo uwezekano wa kuugua kiwewe ulivyozidi. Jeni zilichangia, lakini bila masimulizi ya wakimbizi wenyewe zisingeeleza lolote.

Kipimo kina mipaka gani?

Kortisoli hupanda asubuhi, takriban nusu saa baada ya mtu kuamka, kisha hushuka hadi usiku. Kwa hiyo mate ya saa moja asubuhi hayalinganishwi na ya saa kumi jioni. Ugonjwa, baadhi ya dawa na usingizi haba navyo huathiri matokeo. Moyo nao huenda mbio kwa hofu, na huenda mbio kwa furaha vilevile.

Ndiyo maana hakuna kipimo cha mate kinachoweza kuthibitisha kwamba mkimbizi amesema kweli au uongo kuhusu alikotoka.

Uulize nini kabla ya kukubali?

Nchini Uganda, utafiti unaohusisha watu hupitiwa kwanza na kamati ya maadili. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kinayo ya kwake. Uganda pia ina sheria ya mwaka 2019 inayolinda taarifa binafsi.

Uliza, kwa lugha unayoielewa: sampuli itachunguzwa nini? Itahifadhiwa wapi, na kwa muda gani? Itapelekwa nje ya nchi? Nikibadili nia, itaharibiwa?

Ridhaa ni hiari. Kukataa hakupaswi kugusa mgao wako wa chakula, matibabu yako wala hadhi yako ya ukimbizi. Anayeshindwa kukujibu maswali hayo hajastahili kupewa mate yako.